Koti la Mgongoni

Faili lilikuwa limeshafungwa. Lilikuwa na mhuri, sahihi tatu na dole gumba la mshtakiwa mwenyewe, na lilikuwa juu ya meza ya mwendesha mashtaka likingoja saa nane mchana. Mpelelezi mwenye akili zake angekwenda kunywa chai. Lakini Afande, kama wote walivyomwita pale kituoni, alikuwa amesimama kwenye banda la mbuzi saa tatu asubuhi ile ya Ijumaa, viatu vimezama matopeni, anahesabu wanambuzi.

“Watatu,” alisema.

“Watatu,” Koplo aliitikia nyuma yake huku akipiga miayo. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na ulimi wake ulikuwa haujastaafu. “Jana walikuwa watatu, juzi walikuwa watatu. Sijui tunategemea wazae lini, Afande. Wana miezi sita tu.”

“Unajua kwa nini nimekuleta huku?”

“Najua nimekosa chai.”

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi kusimulia. Banda lile lilikuwa mali ya ushirika wa wanawake kumi na wawili waliofuma mablanketi kwa nywele za mbuzi wa Angora, zile nywele nyeupe, ndefu, zinazong'aa, ambazo wenye maduka huziita moheri. Jumamosi iliyopita wanambuzi wote arobaini na mmoja walinyolewa kwa mara ya kwanza maishani mwao. Usiku wa kuamkia Jumatano ikaja mvua ya baridi yenye upepo, na mlango wa banda ukakutwa wazi. Kulipokucha wanambuzi thelathini na wanane walikuwa wamekufa, wamelundikana kwenye kona kama nguo chafu. Mbuzi wakubwa, waliolala zizi la ndani nyuma ya ukuta wa matofali, hawakupata hata kikohozi.

Mchungaji wao alikuwa mzee aliyeitwa Kengele kwa ajili ya sauti yake. Akiita upande huu wa bonde, mbuzi wa ng'ambo hugeuka. Mzee huyo alikwenda kituoni kwa miguu yake asubuhi ile ile, akasema mlango aliuacha yeye. Akakalishwa benchi mpaka karibu saa saba, ndipo Afande alipopata nafasi ya kumwandika maelezo.

Kazi hiyo ilimchukua dakika ishirini. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, kimoja cha uzembe, kingine cha makusudi. Nje ya dirisha wanawake wa ushirika walikuwa wakipayuka kwamba wiki iliyotangulia mzee aliambiwa kwenye kikao kuwa atatafutiwa mtu wa kumpokea kazi, na kwamba hilo ndilo jibu lake. Afande alimwuliza mzee, ulisahau au ulikusudia? Mzee akasema kwa sauti ya chini sana, “Andika unavyoona wewe, mwanangu.” Afande alikuwa na njaa. Akatia alama kwenye makusudi.

Uzembe ungempa Kengele onyo na aibu. Makusudi yangempa miaka, na mtu wa umri wake hana mingi ya kugawa.

Jana yote ilikuwa imepotelea kwa dalali mmoja wa mifugo, aliyewahi kuapa mbele ya watu kwamba ushirika ule utampigia magoti. Koplo alimpenda sana dalali yule kwa ukorofi wake, akaona kesi imekwisha. Bahati mbaya dalali alikuwa amelazwa hospitali tangu Jumatatu, mguu umefungwa juu kwa kamba, na wauguzi watatu waliochoshwa naye walikuwa tayari kuapa.

“Hawa watatu walikutwa wapi?” Afande aliuliza.

Koplo alifungua daftari lake. “Kwa maneno ya mzee, walikuwa wamesimama mlangoni.”

“Mlangoni. Mahali pabaya kuliko pote. Waliokimbilia kwenye kona wamekufa, waliosimama kwenye mvua wako hai. Hilo halikukereketi?”

“Bahati, Afande.”

“Bahati haina pa kutia sahihi.”

Alipanda ugo, akamfukuza mmoja, akamkosa, akamfukuza mwingine na kumbana kati ya magoti. Mwanambuzi alilalamika kama mtoto anayeogeshwa. Afande alipitisha kiganja ubavuni. Nywele zilikuwa fupi mno, ngozi ya waridi ilionekana chini yake. Alipitisha kiganja mgongoni na mkono ukasimama. Kutoka shingoni hadi mkiani palikuwa na ukanda wa nywele upana wa kiganja, ndefu, zenye mawimbi, hazijaguswa na mkasi. Akamkamata wa pili, kisha wa tatu. Wote walikuwa na ukanda ule.

“Huu ni unyoaji gani?” aliuliza.

“Mjukuu wangu ananyolewa hivyo hivyo,” Koplo alisema. “Nimeshasema naye, hasikii.”

“Na wale waliokufa, nani aliwaona migongo?”

Koplo alifungua daftari tena, safari hii bila mzaha. Walizikwa siku ile ile, shimo moja, kwa chokaa, kabla daktari wa mifugo hajafika. Aliyetoa amri ni mwenyekiti wa ushirika. Mwenyekiti huyo alikuwa mdogo wake Kengele, tumbo moja, na ndiye aliyetia sahihi ya kumshtaki kaka yake.

“Twende karakana,” Afande alisema.

Karakana ilikuwa nyumba ndefu ya bati hatua mia mbili kutoka bandani. Ndani kulinuka sabuni, mvuke na mbuzi. Mitambo ya kufumia ilisimama kimya pande zote mbili, kwa kuwa wanawake karibu wote walikuwa wamekwenda kupiga pasi nguo za mahakamani. Kwenye waya zilianikwa nywele zilizotiwa rangi ya damu ya mzee, bado mbichi, zikidondosha matone mekundu kwenye beseni. Chini ya dirisha alikaa bibi mmoja mwembamba akichambua nywele kavu za rangi hiyo hiyo na kuzigawa katika vikapu viwili. Huyu alikuwa msokotaji mkuu, na kila mtu alimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba. Umekuja kunikamata na mimi? Ningoje nimalize kikapu.”

“Nimekuja kuuliza habari ya migongo.”

Shangazi alicheka kidogo bila kuinua macho. “Wangu umeshakufa.”

“Ya wanambuzi. Kuna watatu wameachiwa ukanda wa nywele hapa.” Afande alijigusa nyuma ya shingo. “Ni nini?”

“Ni koti,” Shangazi alisema. “Sisi tunaita koti. Mbuzi huyu ni mlimbwende, mwanangu, si kama mbuzi wa kuchinja. Akinyolewa hana mafuta mwilini ya kumkinga, na akipigwa na mvua ya baridi ndani ya majuma ya mwanzo hamalizi saa tatu. Kwa hiyo mwanambuzi anaachiwa koti la mgongoni. Mvua ikija inateleza pembeni, uti wa mgongo unabaki mkavu. Mwezi na nusu ukipita, ndipo koti nalo linakatwa.”

“Jumamosi waliachiwa wote?”

“Wote. Nilikuwa hapo hapo. Migongo arobaini na moja, nimeiona kwa macho yangu.”

Afande na Koplo walitazamana. Koplo aliacha kutafuta mahali pa kukaa.

“Na hivi vikapu, kwa nini viwili?”

“Huku inakwenda mbele ya blanketi, huku inakwenda kwenye pindo. Hii ya pindo haikushika rangi vizuri. Ona.” Shangazi alivuta fungu moja la nywele na kulinyosha kwenye mwanga wa dirisha. Shina lilikuwa damu ya mzee safi, lakini ncha zilikuwa zimekolea, karibu nyeusi. “Nywele za ubavuni na tumboni zimejificha, ncha zake hazijapata shida. Ila za mgongoni zinapigwa na jua tangu mbuzi anazaliwa. Ncha zinachoka. Na ncha iliyochoka inabugia rangi kama mlevi aliyekuta pipa wazi.”

Alipomaliza kusema, vidole vyake vilisimama. Aliliangalia lile fungu mkononi mwake kwa muda mrefu.

“Shangazi,” Afande alisema taratibu, “hizo ni za mgongoni?”

“Ndiyo.”

“Za watoto au za mbuzi wakubwa?”

“Za mbuzi mkubwa zinakwaruza. Hizi ni za watoto.” Bibi aliweka fungu mapajani. “Niliambiwa jana jioni nizichambue, ni mabaki ya Jumamosi. Vidole vyangu vilijua, mwanangu. Vilijua tangu fungu la kwanza. Nikajiambia nimezeeka, nimekosea. Nimekaa na jambo hili usiku kucha, na asubuhi nimerudi nikaendelea kuchambua.”

“Nani alizileta?”

Shangazi alirudisha fungu kikapuni. Afande aliusogelea ubao wa kuandikia uliokuwa ukutani karibu na mizani. Kwa chaki nyeupe paliandikwa mablanketi kumi na mawili, kilo mbili kila moja, na chini yake ishirini na nne, tarehe ya Jumamosi. Pembeni palikuwa na tarakimu iliyofutwa kwa kiganja, lakini aliyefuta alikuwa na haraka. Kumi na tisa ilisomeka.

“Ishirini na nne hii ilipimwa kabla ya kufua au baada?”

“Mtu hapimi kabla ya kufua,” Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. “Nywele zikitoka mwilini zina mafuta na vumbi. Ukishafua, sehemu moja katika tano inakwenda na maji. Ukiahidi kazi kwa uzito wa nywele chafu umejinyonga. Hilo ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mwenyekiti aliwahi kumliza binti mmoja hapa mbele ya wote kwa kosa hilo.”

“Na tarehe hii ya Jumamosi? Mlifua lini?”

“Jumatatu,” alisema Shangazi, akafumba macho.

Kinyozi wa mbuzi aliishi nyuma ya soko, chumba kimoja na uani. Walimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananoa mkasi wake mkubwa kwenye jiwe. Alikuwa mtu wa mabega mapana na macho ya wasiwasi. Alipoliona gari la polisi hakusimama, aliendelea kunoa.

“Kazi nyingi?” Afande aliuliza.

“Hakuna kazi. Msimu umekwisha.”

“Mara ya mwisho kushika mbuzi ni lini?”

“Jumamosi, kwa ushirika. Kila mtu aliniona.”

“Na Jumanne?”

“Jumanne nilikuwa hapa. Nilikuwa naumwa mgongo.”

“Pole. Kengele alikuwa wapi Jumanne?”

“Nasikia alitumwa mjini na mdogo wake kupeleka mzigo. Alirudi giza limeshaingia. Ndiyo maana akasahau mlango, mzee wa watu.”

“Ndiyo maana akasahau,” Afande alirudia. “Kumbe wewe unaona alisahau.”

“Mzee yule hawezi kukusudia. Anawasalimia mbuzi asubuhi mmoja mmoja.”

“Nakubaliana na wewe.” Afande alivuta kigoda, akakaa, akanyoosha miguu kama mtu aliyemaliza kazi. “Nilitaka kukuuliza jambo dogo tu, la kitaalamu. Wale watatu walikuponyokaje?”

“Waliingia chini ya hori, na mimi—”

Mkasi ulisimama juu ya jiwe.

“Na wewe mgongo ulikuwa unauma,” Koplo alimsaidia.

Kinyozi aliulaza mkasi chini polepole. Alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na alipoviondoa alikuwa mtu mwingine, mnyonge.

“Anga lilikuwa jeupe, Afande. Nakuapia. Nilimwambia Mwenyekiti, tukiwavua makoti watabaki uchi. Akasema anga jeupe, na banda lina mlango, na akina mama hawatajua. Akisema kata, mimi ni nani? Nikakata thelathini na nane. Wale watatu nilichoka kuwafukuza.”

“Na Jumatano?”

“Nilisikia sokoni. Jioni Mwenyekiti akaja hapa. Hakunitisha, usije ukaandika alinitisha. Alikaa hapo hapo ulipokaa, akalia mpaka kanga ikalowa. Mtu mzima akilia mbele yako utamwambia nini? Nikamwambia nitanyamaza.” Alipangusa pua kwa mkono. “Sijalala tangu siku hiyo. Nikifumba macho nahesabu. Nikifika thelathini na nane naanza upya.”

“Utayasema haya mahakamani?”

“Nipe nafasi nibadilishe shati.”

Ilikuwa saa saba kasoro robo. Afande alimwacha Koplo aje na Kinyozi kwa miguu, yeye akaendesha gari hadi nyumbani kwa Mwenyekiti. Mama yule alikuwa amesimama barazani, amevaa gauni jeusi lililopigwa pasi vizuri, mkoba kwapani, akingoja usafiri.

“Panda, Mama. Njia yetu moja.”

Walipita kona ya pili. Mwenyekiti alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mkoba. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya rangi ya damu ya mzee kwenye kucha.

“Kaka yangu amekubali mwenyewe,” alisema bila kuulizwa. “Mimi sikumshika mkono kumpeleka.”

“Amekubali mlango.”

“Basi. Ni mlango.”

“Watatu walisimama kwenye mlango huo huo usiku kucha, Mama. Leo wamenikimbiza zizi zima.”

Mwenyekiti aliangalia nje. “Mlango ungefungwa, wote wangekuwa hai.”

“Kweli.”

“Basi nakuambia ni mlango.”

“Na wangekuwa na makoti, wote wangekuwa hai. Nimetoka kwa Shangazi. Nimetoka kwa Kinyozi. Nimeuona ubao, hukuufuta vizuri.”

Mkoba ulianguka kutoka mapajani na Mwenyekiti hakuuokota. Afande alisimamisha gari kando ya barabara, akaacha injini ikinguruma.

“Nilipima na mafuta yake,” Mwenyekiti alisema. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. “Miaka kumi na sita nawafundisha wenzangu wasipime na mafuta. Siku ile nilikuwa na furaha, nywele zilikuwa nzuri sijapata kuona, nikaweka juu ya mizani, ikasema ishirini na nne, nikawatangazia wote. Kumi na mawili, kila mtu blanketi lake, yote yatakwenda kwenye maonyesho na jina la aliyefuma. Akina mama walipiga vigelegele. Jumatatu tukafua. Nikapima peke yangu. Kumi na tisa.”

“Ungewaambia.”

“Ningemwambia nani kwamba blanketi lake halipo? Na yule binti niliyemliza, ningemwangaliaje?” Alimeza mate. “Niliona makoti yatatosha. Niliona mwezi na nusu si kitu, anga jeupe. Nikamtuma kaka mjini ili asione. Katika nyumba nzima ya mama yetu, niliyemdanganya ni kaka yangu ambaye hajawahi kunidanganya.”

“Kisha ukamtilia sahihi.”

“Nilifikiri ni onyo.” Sasa alimgeukia Afande, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyajali. “Nilijua kusahau mlango ni onyo tu, wataniachia kaka yangu jioni ile ile, na mimi nitamwomba radhi kwa namna nyingine. Halafu nikasikia ni makusudi. Neno hilo lilitoka wapi, Afande? Kaka hawezi kulisema. Hata ukimpiga hawezi kulisema. Alilisemaje?”

Afande alitia gia. Alikuwa amehoji watu kwa miaka kumi na mitatu, na hapakuwa na swali lililowahi kumpata namna hiyo. Aliona haya, akakaza macho barabarani.

“Tutachelewa,” alisema.

Kengele alikuwa kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha mahakama, pingu mikononi na askari magereza pembeni. Shati lake lilikuwa bado na matope ya Jumatano. Afande alimwomba askari afungue pingu na asogee kidogo, akachuchumaa mbele ya mzee ili macho yao yawe sawa.

“Baba, nimeyajua ya makoti.”

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za zamani. “Niliwatoa kwenye ile kona mmoja mmoja, mwanangu. Thelathini na wanane. Mikono hii ilipita kwenye migongo yao. Nilijua kabla hakujapambazuka vizuri.”

“Ulijua, ukaja kwangu ukasema mlango?”

“Mlango niliuacha mimi.”

“Baba—”

“Sikiliza. Nilirudi mjini nimechoka, giza, nikasukuma mlango kwa mguu, nikasikia umegonga, nikadhani umeshika. Sikurudi kuangalia komeo. Miaka yote nimekuwa nikirudi kuangalia komeo. Usiku ule sikurudi, kwa sababu nilikuwa na hasira. Wiki ile walinambia wananitafutia mtu, na mdogo wangu alikaa kimya. Nikasema moyoni, kama nimezeeka, basi nimezeeka.” Sauti iliyokuwa ikisikika ng'ambo ya bonde haikufika hata kwa askari aliyesimama hatua tatu. “Ulipouliza, ulisahau au ulikusudia, sikujua la kukujibu. Ndiyo maana nikakuachia wewe.”

Mwenyekiti alikuwa amefika nyuma yao. Alisikia yote. Alikaa kwenye benchi karibu na kaka yake, akamshika mkono ulioachwa na pingu, akauweka mapajani mwake pamoja na mkoba.

“Mimi nilitaka makoti,” alimwambia.

“Najua.”

“Nitasema mbele ya watu, kaka.”

“Utasema. Na mimi nitasema ya komeo. Tusigombanie lawama, mdogo wangu, waliokufa wanatutosha sote wawili.”

Saa nane kamili waliitwa ndani. Wanawake wa ushirika walijaza mabenchi yote, na Shangazi alikuwa mbele, amejifunga kilemba safi. Koplo aliingia na Kinyozi, shati jipya, kola imemkaba. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na kesi nyingine tisa za kusikiliza siku hiyo. Karani alisimama akasoma shtaka, na alipofika kwenye neno makusudi, Kengele aliinamisha kichwa.

“Mshtakiwa, ni kweli au si kweli?” hakimu aliuliza.

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuinuka, lakini Afande alimtangulia.

“Mheshimiwa, kabla hajajibu, naomba nisikilizwe.”

Mwendesha mashtaka aligeuka kwa mshangao. Hakimu alivua miwani. “Afande, hili faili ni lako. Umesimama kama shahidi, au kama mshtakiwa?”

“Nitajua nikimaliza, Mheshimiwa.”

Watu wachache walicheka.

“Kuna watu wawili humu wana maneno ya kusema juu ya vifo vya wale mbuzi, na wamekubali kuyasema,” Afande alisema. “Lakini la kwanza ni langu. Naomba neno makusudi liondolewe kwenye maelezo ya mshtakiwa.”

“Kwa sababu gani?”

“Si lake.”

Hakimu aliifungua fomu, akaigeuza kwenye mwanga. “Hapa pana alama, na pana dole gumba lake. Unaniambia mshtakiwa hakulisema neno hili?”

“Hakulisema.”

“Nani alilisema?”

“Mimi.”

Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya watu, mkono mdomoni, anamtazama Afande. Kengele aliinua uso wake naye, na macho yake hayakuwa na lawama, na hilo ndilo lililomuumiza Afande kuliko yote.

“Ulikuwa na ushahidi gani wa kuliandika?” hakimu aliuliza.

“Sikuwa na ushahidi. Ilikuwa karibu saa saba, Mheshimiwa. Nilikuwa na njaa.”

Hakimu alivaa miwani yake.

“Karani,” alisema, “liandike hilo, neno kwa neno.”

Karani aliinamia karatasi, akaanza kuandika. Afande alibaki amesimama, mikono ubavuni, akamngoja mpaka amalize.